Sura ya Nne: Muhula Usio na Darasa

Mwanafunzi wa uzamili akifeli mtihani, hulijua hilo siku matokeo yanapotoka. Anayepoteza usajili hana wa kumwambia. Anaendelea kuamka alfajiri na kuandika tasnifu yake, pengine yuko Njombe akiwahoji wakulima wa viazi, ilhali chuoni jina lake limekwisha kutoka kwenye orodha ya wanafunzi wa muhula huo. Huja kufahamu siku anapohitaji kitu: barua ya kibali cha utafiti, nakala ya matokeo, tarehe ya kutetea tasnifu. Hapo ndipo anapoelezwa kuwa kwa kumbukumbu za chuo, tangu muhula uliopita yeye si mwanafunzi.

Waombaji wengi huchukulia usajili kuwa shughuli ya siku moja. Unafika chuoni na vyeti halisi, unalipa ada, unapigwa picha ya kitambulisho, umemaliza. Kwa shahada ya kwanza dhana hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu mwanafunzi yuko hapohapo, ana wenzake mia mbili, na kila muhula unapoanza kuna rafiki wa kumwuliza, "Umesharejista?" Kwa shahada za juu ni hatari. Kundi ni dogo, wengi wana kazi na familia, na baada ya vipindi vya darasani kwisha kila mmoja hushika njia yake. Ninachotaka msomaji akishike katika sura hii ni kwamba kanuni za usajili ziliandikwa zikimfikiria mtu mwenye ratiba ya vipindi, na zinambana zaidi yule ambaye hana kipindi hata kimoja.

Tutofautishe kwanza udahili na usajili. Udahili ni chuo kukwambia kwamba nafasi ipo na ni yako. Usajili ni wewe kuichukua nafasi hiyo kwa muda maalumu, ama muhula au mwaka wa masomo, kutegemea chuo. Udahili hutolewa mara moja. Usajili huisha wenyewe. Muda wake unapokwisha, hakuna anayekufukuza na hakuna barua inayotumwa. Unakuwa tu huna usajili mpaka ujisajili upya. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na barua halali ya udahili mkononi na asiwe mwanafunzi.

Siku ya usajili wa kwanza kuna jambo dogo ambalo huwagharimu watu miaka baadaye, nalo ni jina. Vyuo vya Tanzania husajili kwa majina yaliyo kwenye vyeti ulivyotumia kuombea udahili, na huwa havikubali kubadilisha katikati ya masomo. Dada aliyeolewa akaanza kutumia ukoo wa mume kazini, au kaka ambaye cheti chake cha kidato cha nne kina majina mawili na cha shahada kina matatu, alimalize suala hilo kabla hajajaza fomu, kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Jina utakalosajiliwa nalo ndilo litakalochapishwa kwenye cheti.

Baada ya jina, swali linalofuata ni hili: programu yako ni ya aina gani? Hapa Afrika Mashariki tumerithi mapokeo mawili, na kanuni zetu zimeyabeba yote mawili kwa pamoja. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Mapokeo ya Kiingereza yaliyoingia kwa njia hiyo yaliiona shahada ya uzamivu kuwa kazi ya mtu mmoja, msimamizi wake na tasnifu yake. Hakukuwa na kozi za kusoma, wala mtihani wa darasani. Ukijisajili, unasajili nafsi yako na mada yako.

Wamarekani walikwenda njia nyingine. Chuo cha Yale kilitoa shahada zao za kwanza za uzamivu mwaka 1861, na baadaye mfumo wao ukakomaa ukiwa na kozi za miaka ya mwanzo, mitihani mikubwa, kisha tasnifu. Mfumo huu nao umefika kwetu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, iliyokuwa ikiongozwa na Profesa Mahmood Mamdani, ilianzisha uzamivu wenye masomo ya darasani kwa hoja kwamba mtafiti hawezi kuachwa ajifundishe nadharia peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sasa kina njia zote mbili, ya tasnifu tupu na ya kozi pamoja na tasnifu, na uzamili vilevile. Mwanafunzi wa njia ya kozi husajili kozi moja moja kwenye mfumo wa chuo kila muhula. Mwanafunzi wa tasnifu tupu hana kozi za kuchagua, lakini anawajibika kuuhuisha usajili wake na kupeleka taarifa ya maendeleo iliyosainiwa na msimamizi. Anayesoma kanuni za upande usio wake hujikuta anatimiza masharti ambayo hayamhusu na kuyaacha yanayomhusu.

Kwa wa njia ya kozi, neno litakalomsumbua ni krediti, nalo lina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1905 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 kwa ajili ya pensheni za walimu wa vyuo vya Marekani. Wakfu uliosimamia fedha hizo ulilazimika kuamua ni taasisi zipi zinastahili kuitwa vyuo, na moja ya vigezo ilikuwa kwamba mwanafunzi anayeingia awe amesoma sekondari vipimo 14, kila kimoja kikiwa na takriban saa 120 za darasani kwa mwaka. Miaka michache baadaye, mwaka 1910, mhandisi Morris Cooke aliandika kwa ajili ya wakfu huohuo ripoti iliyopendekeza saa ya mwanafunzi iwe kipimo cha kazi ya chuo. Krediti, basi, ilianzia kwenye hesabu za pensheni na za ufanisi. Ni kipimo cha muda. Haisemi kozi ni ngumu kiasi gani wala mwalimu anafundisha vizuri kiasi gani.

Na muda huo haupimwi sawa kila mahali. Kwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza kwa jumla: mihadhara, semina, maktaba, kazi za nyumbani na mtihani wenyewe. Mwaka mmoja wa masomo ya kutwa ni krediti 120, na shahada ya uzamili inaanzia krediti 180. Ulaya, chini ya mfumo ulioanza mwaka 1989 kwa ajili ya wanafunzi wanaohama kati ya nchi na nchi, mwaka mzima ni krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Marekani, tafsiri ya serikali yao iliyoanza kutumika 2011 ni saa 1 ya darasa na angalau saa 2 za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Kwa hiyo krediti 9 jijini Dar es Salaam zaweza kuwa kozi moja tu, na krediti 9 katika vyuo vingi vya Marekani ni mzigo kamili wa muhula kwa mwanafunzi wa shahada ya juu. Anayehamisha matokeo yake kutoka nchi moja hadi nyingine aombe chuo kimwandikie saa, asiridhike na namba peke yake.

Kwa asiyehama, hesabu hii ina kazi nyingine, na laiti kila mtumishi anayejiunga na programu ya jioni angeifanya kabla ya kubofya kitufe cha kusajili. Krediti 60 za muhula ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, utapata saa 40 kwa wiki. Hizo ni saa za kazi ya pili kamili. Mtu anayetoka ofisini Posta saa 10 jioni, akapanda mwendokasi ili awahi kipindi cha saa 11, akarudi Mbezi saa 4 usiku, hana saa 40. Hata akijinyima usingizi ana 20, labda 25 akizibana na Jumamosi. Kama chuo chake kinaruhusu kusoma kwa muda wa ziada, yaani nusu ya mzigo kwa muda mrefu zaidi, hiyo ndiyo programu ya kwake, na aiombe mwanzoni. Wengi huiepuka wakihofia kuonekana wavivu au kwa kutaka cheti mapema, kisha hubeba kozi tano, hupata sapu mbili, na shahada huchukua muda uleule ambao wangeutumia wakienda polepole, tena kwa matokeo mabaya zaidi.

Vyuo vingi hutoa wiki kama mbili za mwanzo wa muhula kwa usajili, na muda mfupi baada ya hapo wa kuongeza au kuacha kozi. Utumie muda huo kwa umakini. Hudhuria vipindi vya kozi za hiari unazozifikiria, soma mpango wa kozi, uliza mtihani una uzito gani na kazi ni ngapi, angalia kama kuna sharti la kozi tangulizi. Ukiona kozi si yako, iache kwenye mfumo. Kuacha kwenda darasani si kuiacha kozi. Mfumo hauna habari na mahudhurio yako; unajua ulichosajili, na ambaye hakufanya mtihani wa kozi aliyoisajili huandikiwa kwamba hakutokea. Upande wa pili nao una mtego wake: aliyehudhuria vipindi vyote na kufanya mazoezi yote ya kozi ambayo hakuisajili huenda akakosa pa kuandikiwa alama. Kwa hiyo kila usajili unapofungwa, chapisha ukurasa unaoonyesha kozi zako pamoja na risiti ya malipo, uviweke kwenye faili. Mifumo hubadilishwa, data huhamishwa, na karatasi yenye tarehe ndiyo itakayokutetea.

Sasa tufike kwenye muhula wenyewe ulioipa sura hii jina lake.

Vipindi vimekwisha. Umefaulu kozi zote, mmefanya sherehe ndogo, na kila mtu amerudi kwao kuandika andiko la utafiti. Mwalimu wa sekondari aliyepewa ruhusa ya masomo amerudi kituoni kwake, na mkuu wa shule amempangia vipindi 24 kwa wiki kwa sababu shule haina mwalimu mwingine wa Kemia. Chuoni, mwaka mpya wa masomo unaanza. Hakuna ratiba inayomhusu, hakuna kozi ya kuchagua, msimamizi hajajibu barua pepe ya mwezi uliopita. Mtu huyu hana sababu yoyote ya kufikiri kwamba anatakiwa kujisajili. Ajisajili nini?

Anatakiwa kusajili tasnifu. Katika mfumo wa krediti tasnifu ina krediti zake kama kozi nyingine, na katika kanuni za vyuo vingi mwanafunzi hubaki mwanafunzi pale tu anapoendelea kujisajili, awe darasani, maktabani au kijijini. Kila kitu kinachowezesha utafiti kinapitia hapo. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, barua ya kibali cha utafiti hutolewa kwa mamlaka ya Makamu Mkuu wa Chuo, na ni barua hiyo unayoipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anayekuandikia nyingine ya kwenda wilayani, hadi umfikie mtendaji wa kijiji. Barua huwa na jina lako, mada yako, na tarehe za kuanza na kumaliza. Kenya, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia ya nchi hiyo, huombwa kwa barua ya chuo inayokutambulisha kama mwanafunzi wake. Hakuna chuo makini kitakachomtambulisha mtu ambaye hayumo kwenye daftari lake, na data zilizokusanywa bila kibali zaweza kukataliwa na kamati ya maadili hata kama ni nzuri.

Saa ya shahada nayo haisimami. Kila programu ina muda wake wa kawaida na muda wa juu kabisa, na muhula ambao hukujisajili aghalabu huhesabiwa ndani ya muda huo. Anayerudi baada ya miaka miwili kimya hudaiwa ada za kuongezewa muda, huulizwa kwa nini asifutiwe usajili, na wakati mwingine huambiwa aombe udahili upya huku kozi zake za zamani zikipitiwa kama bado zinafaa. Kama kuna fedha za kuomba kwa jamaa, kwa mwajiri au SACCOS katika safari yote hii, ningeshauri ziombwe kwa ajili ya ada ya usajili wa mwaka wa tasnifu. Watu hukopa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, wenye shamrashamra, na kuuacha huu wa pili utegemee kudra.

Njia halali ya kupumzika ipo, nayo ni kuahirisha masomo. Ugonjwa, uzazi, msiba mzito, uhamisho wa kazi, kukosa ada: vyuo vingi hukubali sababu za aina hii zikiwa na ushahidi. Sharti kubwa ni kwamba ombi litangulie. Mama aliyeandika barua mwezi wa saba wa ujauzito, akaambatanisha karatasi ya kliniki, na kupata barua ya kukubaliwa kutoka kurugenzi ya shahada za uzamili, atarudi mwaka unaofuata akiwa na muda wake wote. Mama aliyejifungua kwanza akaandika barua baada ya mwaka anaomba msamaha, na msamaha hutolewa kwa hiari ya kamati. Nawaambia dada zangu hili bila kuzunguka, kwa kuwa miaka ya shahada za juu mara nyingi huangukia miaka ya kuzaa, na wengi huona haya kuandika habari hizo kwenye barua rasmi. Andika. Kanuni ilitungwa kwa ajili yako. Na ukisharuhusiwa, soma barua hadi mwisho: huwa ina tarehe ya kurudi, na siku hiyo usipojisajili, ulinzi wote wa ile ruhusa unakwisha.

Vyuo navyo vina deni hapa. Mfumo unaoweza kutoa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa sekunde chache unaweza pia kutuma ujumbe wa simu kwa kila aliye kwenye hatua ya tasnifu, wiki tatu kabla usajili haujafungwa, ukimwambia jina la kitu anachopaswa kusajili. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mwalimu wa Kemia aliyepotea njiani. Msimamizi pia anaweza kuuliza swali moja kila anapokutana na mwanafunzi: usajili wako upo? Hadi siku hiyo ifike, mzigo uko kwa mwanafunzi, na ndiyo sababu ya urefu wa sura hii.

Wenye kwenda Marekani wana jambo la ziada, kwa kuwa huko usajili umefungwa pamoja na uhalali wa kuishi nchini. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 lazima awe na mzigo kamili kila muhula wa kawaida, na chuo hutakiwa kuthibitisha usajili wake kwenye mfumo wa serikali uitwao SEVIS ndani ya siku 30 tangu masomo yaanze. Kiwango cha mzigo kamili kwa shahada za juu hupangwa na chuo chenyewe. Vingi husema krediti 9, vingine 12. Katika kuhesabu mzigo huo, kozi inayosomwa yote mtandaoni huhesabiwa moja tu kwa muhula, isizidi krediti 3. Ukitaka kupunguza mzigo kwa ugonjwa au kwa kuzidiwa na masomo, ofisi ya wanafunzi wa kigeni lazima ikuidhinishe kabla hujaacha kozi. Kijana wa Moshi aliyezoea kuacha kozi kwanza na kueleza baadaye anaweza kupoteza hadhi yake ya uhamiaji kwa kubofya mara moja, hata kama profesa wake amekubali. Profesa ana mamlaka juu ya kozi. Juu ya viza hana. Muhula wa mwisho, ambapo umebakiza krediti chache tu za kumaliza, kuna nafuu inayokuruhusu kusajili hizo pekee, lakini nayo huombwa.

Limebaki suala la mwisho wa safari, ambalo vitabu vya mwongozo hulipita haraka. Tasnifu ikishawasilishwa hupelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje, na majibu yao huweza kuchukua miezi. Kisha kuna utetezi, kisha marekebisho, kisha nakala zilizojalidiwa. Katikati ya hayo mwaka wa masomo waweza kugeuka. Je, unatakiwa kujisajili tena ukisubiri mtahini wa nje ambaye kuchelewa kwake si kosa lako? Vyuo havina jibu moja. Vingine huhesabu tarehe ya kuwasilisha, vingine huhesabu tarehe ya kukabidhi nakala ya mwisho, na tofauti yake ni ada ya mwaka mzima na mahafali ya mwaka huu au ujao. Iulize kurugenzi ya shahada za uzamili kwa maandishi siku ileile unayowasilisha tasnifu, usisubiri marekebisho yarudi, na jibu lao uliweke kwenye faili pamoja na zile risiti.